Maneno Tuliyoyasema Likasi

Fundisho linalopendwa kuliko yote katika makanisa mengi ya Likasi siku hizi ni lile la nguvu ya kinywa. Uwe Kikula au Panda, uwe Shituru au katikati ya mji, utamkuta mhubiri akiwaambia waumini kwamba walicho nacho leo ni matunda ya waliyoyatamka jana, na kwamba wanachokikosa watakipata wakikitamka kwa imani. Tamka nyumba, nyumba itakuja. Kataa ugonjwa kwa kinywa chako, ugonjwa utaondoka. Waumini huinua mikono na kutamka kwa sauti mpaka mabati ya kanisa yanatetemeka.

Mimi naamini kwamba neno linalotoka kinywani lina nguvu. Naamini kwa sababu Maandiko yanafundisha hivyo, na kwa sababu mji huu ni shahidi. Mwaka 1992 Likasi iliona maneno yakifanya kazi mchana kweupe. Hayakumletea mtu nyumba. Yaliwatoa watu katika nyumba walizozaliwa, yakawarundika kwenye kituo cha reli, yakawaua wengine. Waliosema maneno hayo na walioambiwa maneno hayo walikuwa wamebatizwa katika makanisa yale yale. Ndiyo maana nasema kwamba nguvu ya ulimi wa Mkristo ipimwe kwanza kwa kile inachomtendea jirani. Kanisa linalowafundisha watu kujitamkia baraka bila kuwafundisha namna ya kumtaja mwenzao limefundisha nusu ya jambo, tena nusu iliyo rahisi.

Niwatendee haki kwanza wanaofundisha hivyo. Fundisho la kukiri na kupokea halikuzaliwa Katanga. Mizizi yake iko Marekani, kwa mhubiri E. W. Kenyon aliyefariki mwaka 1948, na aliyelieneza sana ni Kenneth Hagin wa Tulsa, Oklahoma, aliyefariki mwaka 2003. Lilifika Afrika kwa vitabu, kanda na televisheni, na lilipofika huku kwetu likakuta watu wenye kila sababu ya kulipokea.

Likasi ni mji wa shaba. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, ndiyo iliyoukuza, na Wabelgiji wakauita Jadotville kwa heshima ya Jean Jadot, mmoja wa vigogo wa kampuni hiyo, hadi mwaka 1966 ulipochukua jina la Likasi. Kampuni, na baada yake Gécamines, ilikuwa mwajiri, mwenye nyumba, mwenye hospitali na mwenye shule. Mtu alizaliwa katika hospitali yake, akasoma katika shule yake, akapokea unga wake, akazeeka katika kambi yake. Kisha yote yakaporomoka. Mgodi wa Kamoto ulibomoka Septemba 1990. Shaba iliyochimbwa, ambayo katika miaka ya 1980 ilikuwa imezidi tani 400,000 kwa mwaka, ilishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1993. Mishahara ikakaa miezi bila kulipwa. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walikatwa kazi katika mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia na kuitwa kuondoka kwa hiari.

Mtu aliyepoteza kazi, mshahara, shule ya watoto na dawa kwa mkupuo mmoja anabaki na nini? Anabaki na mdomo wake. Simlaumu mama anayeamka kabla ya jua kwenda kuuza mkaa, akasimama mlangoni na kusema kwamba leo mkono wa Bwana uko pamoja naye. Neno hilo linamtoa nyumbani, na bila hilo huenda asingetoka. Kukata tamaa nako husemwa kwa mdomo, na mtu anayejiambia kila siku kwamba amekwisha, atakwisha kweli. Hapo wahubiri wetu wamewasaidia watu, nami nawashukuru.

Lakini fundisho hilo lina upofu. Linamzoesha Mkristo kuyatazama maneno yake kama njia ya kupata kitu. Anajichunga asijitamkie umaskini, asijitamkie magonjwa, asimtamkie mwanawe kufeli mtihani. Akimaliza ibada anatoka nje, anakutana na mtu wa kabila jingine, na kinywa kile kile kinafunguka bila ulinzi wowote. Hakuna aliyemwambia kwamba mtihani wa kinywa chake unaanzia hapo.

Tutazame basi yaliyotokea. Waliofukuzwa mwaka 1992 walikuwa watu wa Kasai, nao hawakuivamia Katanga. Tangu miaka ya 1920 Union Minière iliwaajiri kwa wingi, na reli ya BCK, iliyokamilika mwaka 1928 kati ya Bukama na Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, ilipita katikati ya nchi yao. Walikuja kuwa wachimbaji, makarani, mafundi, walimu na watu wa reli. Waliooa walioa hapa, waliokufa walizikwa hapa. Watoto na wajukuu wao walikulia Likasi, wakicheza na kugombana kwa Kiswahili cha Katanga, wakila bukari pamoja na majirani, na wengi wao hawakuwahi kuiona Kasai kwa macho.

Ushindani wa kazi na vyeo ulikuwepo tangu zamani, na wanasiasa waliuona mapema. Katika uchaguzi wa manispaa wa mwaka 1957 watu wa Kasai walishinda viti vikubwa mjini Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Mwaka uliofuata chama cha Conakat kikaundwa ili kudai haki za wenyeji. Tangu hapo swali la nani mwenyeji na nani mgeni halikufa. Lililala tu, likingoja mtu wa kuliamsha.

Liliamshwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mjini Kinshasa, Kongamano Kuu la Taifa lililoongozwa na Askofu Mkuu Laurent Monsengwo lilikuwa likitafuta njia ya kutoka katika utawala wa Mobutu. Tarehe 15 Agosti 1992 lilimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu. Aliyeondoka katika kiti hicho alikuwa Jean Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Watu hawa wawili walikuwa wamesimama upande mmoja dhidi ya Mobutu mwaka mmoja tu kabla. Mobutu alifaidika kuwaona wapinzani wake wakigawanyika kwa kabila, na uchumi uliokuwa ukifa uliwapa watu hasira ya kutosha.

Hata hivyo umaskini peke yake haukuchoma nyumba ya mtu. Ilibidi kwanza maneno yaonyeshe nyumba ya kuchoma. Gavana wa mkoa, ambao wakati huo uliitwa Shaba, alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza wa chama cha UFERI. Katika mikutano ya hadhara na katika redio, watu wa Kasai walitajwa kuwa ndio wanaowanyima wenyeji kazi na chakula. Wakapewa jina: bilulu, wadudu. Human Rights Watch ilipotoa ripoti yake juu ya vurugu hizo mwaka 1993, jina lenyewe la ripoti lilihusu uchochezi wa chuki. Wachunguzi waliona kwamba hotuba zilitangulia na fimbo zikafuata.

Jina lile lilifanya kazi ambayo panga haliwezi kuifanya. Mtu akiwa jirani, unajua jina la mama yake, unajua mwanawe anasoma na mwanao. Akiwa kilulu, hayo yote yanafutika. Mdudu haulizwi amekosa nini. Haulizwi amezaliwa wapi wala ameutumikia mji huu miaka mingapi. Vijana wa UFERI walipoingia mitaani Agosti na Septemba 1992, kazi iliyokuwa ngumu zaidi, ile ya kumnyamazisha mtu dhamiri yake, ilikuwa imekwisha kufanywa na vinywa.

Nyumba zilivunjwa, zikaporwa, zikachomwa. Makumi ya maelfu ya watu walikimbilia kituo cha reli cha Likasi na majengo ya shule, wakalala nje kwa majuma na miezi wakingojea treni za kuwapeleka Kasai. Watoto na wazee walikufa kwa magonjwa na njaa, wengine wakiwa bado kituoni, wengine ndani ya mabehewa. Mwaka 1993 moto huo ukafika Kolwezi. Hadi ulipozimika, mamia ya maelfu ya watu walikuwa wamefukuzwa katika mkoa mzima na maelfu walikuwa wamekufa.

Haya yalitokea katika nchi iliyosikia Injili kwa zaidi ya miaka 100. Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya, katika baraza la mfalme Msiri, mwaka 1886. Wabenediktini walifika mwaka 1910. William Burton na James Salter walianza kazi ya Kipentekoste huko Mwanza, katika nchi ya Waluba wa Katanga, mwaka 1915. Wamethodisti walijenga misheni ya Mulungwishi, si mbali na hapa, kwenye barabara ya kwenda Kolwezi. Hatukukosa mahubiri. Tulikosa fundisho juu ya namna ya kumtaja mwenzetu, na pengo hilo lilipojaribiwa halikuweza kufichika. Wapo waliokataa kulitamka neno lile na waliowafungulia majirani milango ya nyuma usiku. Mungu anawajua. Lakini walikuwa wachache mno kuliko idadi ya waliokuwa wakisimama kanisani kila Jumapili.

Biblia ina sura moja ambayo ningependa isomwe katika kila kanisa la Likasi. Ni sura ya 25 ya Samweli wa Kwanza. Daudi, akiwa mkimbizi nyikani, anawatuma vijana wake kwa tajiri mmoja aitwaye Nabali kuomba chakula. Nabali anajibu kwa dharau. Anauliza Daudi ni nani, anamlinganisha na watumwa waliowatoroka mabwana zao, anasema hajui watu hao wametoka wapi. Hakumpiga mtu hata kofi. Alisema tu. Lakini jioni hiyo Daudi amejifunga upanga, watu 400 wako nyuma yake, na ameapa kwamba katika nyumba ya Nabali hatabaki mwanamume hata mmoja mpaka asubuhi.

Anayezuia mauaji hayo ni Abigaili, mke wa Nabali. Anapakia mikate, divai, kondoo na matunda juu ya punda, anashuka njiani, anakutana na jeshi. Halafu anasema. Anajitwika lawama ambayo haikuwa yake. Anamwita Daudi bwana. Anamkumbusha kwamba siku atakapokuwa mfalme hatapenda kukumbuka damu aliyoimwaga bure. Daudi anarudisha upanga alani na kumshukuru Mungu kwa sababu ya mwanamke huyo. Katika sura moja neno la dharau linakaribia kuiua nyumba nzima, na neno la heshima linaiokoa. Tazameni vizuri kwamba Abigaili hakujitamkia chochote. Hakukiri mali wala ushindi wake. Nguvu yote ya kinywa chake aliielekeza kwa watu waliokuwa karibu kufa na kwa mtu aliyekuwa karibu kuwaua. Hiyo ndiyo nguvu ya ulimi ninayoitafuta katika mahubiri yetu nami siioni.

Yakobo naye, katika sura ya tatu ya waraka wake, hazungumzii ulimi kama njia ya kujipatia mali. Anauita moto. Kinachomuumiza ni kuona mdomo ule ule unamtukuza Mungu, kisha unamlaani mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu huyo. Yesu mwenyewe, katika Mahubiri ya Mlimani, anaiweka dharau kwa ndugu karibu kabisa na uuaji. Wakristo tunaosoma maneno hayo kila mwaka hatuwezi kusema kwamba hatukuonywa.

Likasi haiko peke yake katika jambo hili. Miaka miwili baada ya bilulu yetu, majirani zetu wa Rwanda waliitwa mende katika redio ya RTLM, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1993. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa mjini Arusha iliwatia hatiani watu watatu kwa kazi yao ya redio na gazeti: Ferdinand Nahimana, Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze. Rufaa ya mwaka 2007 ilipunguza vifungo vyao, lakini haikuwaachia. Mahakama hiyo hiyo ilimtia hatiani pia mchungaji, Elizaphan Ntakirutimana. Huko Kenya watu walisikia wenzao wakiitwa madoadoa, na tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na wanawake na watoto waliokimbilia humo wakidhani nyumba ya Mungu itawakinga. Popote watu walipouana kwa kabila katika eneo letu hili, kuna jina lililotangulia, na jina hilo lilitamkwa na watu wanaokwenda kusali.

Wala tusidhani kwamba hayo ni ya zamani. Novemba 2023, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, kuuawa kwa mwendesha pikipiki mmoja huko Malemba-Nkulu, Haut-Lomami, kuligeuka kuwa mashambulizi dhidi ya watu wa Kasai. Siku hizi haihitajiki hata redio. Sauti iliyorekodiwa kwenye simu inatoka Kinshasa au Ulaya asubuhi, na kufikia adhuhuri imezunguka Kikula yote, ikipelekwa na vidole vya watu wanaoimba kwaya.

Kinachonipa tumaini ni kwamba Katanga imewahi pia kusema maneno mengine. Mwaka 1953 padre Mfransiskani kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, yule aliyeandika kitabu cha falsafa ya Kibantu kilichotoka mwaka 1945, alihamia Kolwezi kufanya kazi kati ya wafanyakazi wa migodi. Huko ikazaliwa harakati ya Kikristo iliyoitwa Jamaa. Haikuwa na majengo makubwa wala fedha. Ilikuwa na mafundisho, na mafundisho yalikuwa mazungumzo ya mdomo kati ya watu, mume na mke kwanza, kisha nyumba kwa nyumba. Walizungumza juu ya mambo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Waliitana baba na mama.

Fikirieni maana ya hilo katika kambi ya Union Minière. Mle walikaa watu waliotoka Kasai, Lomami, Luapula na Rwanda, kila mmoja akiwa na lugha yake, na kampuni iliwahesabu kwa namba. Bwana mkubwa wa kizungu angeweza kumwita mtu mzima boi. Lakini jioni, mtu wa Kasai alimwita mtu wa Katanga baba, na yule akaitika. Jamaa ilienea katika miji ya migodi, ikagombana na maaskofu, ikapata mapungufu yake kama kila chama cha watu. Hata hivyo ilithibitisha jambo moja ambalo hatuna haki ya kulisahau: Wakristo wa mahali hapa, wakitumia Kiswahili chetu hiki, waliweza kumpa mgeni jina la mzazi. Lugha iliyotoa neno bilulu ndiyo lugha iliyotoa neno jamaa. Kosa haliko katika lugha. Uchaguzi ni wetu, na tunaufanya kila tunapofungua kinywa.

Kuna watu wengine ambao vinywa vyetu vinawamaliza, nao ni watoto. Biashara ikifa, mama akiugua, baba akifukuzwa kazi, kuna mwombezi au nabii atakayesema kwamba mtoto fulani ndani ya nyumba ni ndoki, yaani mchawi. Mara nyingi ni yatima, au mtoto wa mke wa kwanza, au yule anayekojoa kitandani, yule asiye na mtu wa kumtetea. Neno likishatamkwa kanisani, mtoto huyo hana tena nyumba. Atafungiwa, atanyimwa chakula, atapigwa, au ataishia sokoni na barabarani. Katiba yetu ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 inaweka adhabu. Wanasheria wameliona jambo hili wazi kuliko wachungaji wengi. Ni aibu kwa Wakristo kwamba ilibidi Katiba iandike jambo ambalo Yesu alilifundisha alipomweka mtoto katikati ya wanafunzi wake.

Tena nauliza: fundisho la kinywa liko wapi hapo? Mhubiri anayewaambia watu wasijitamkie mabaya anawezaje kusimama kimya mtoto wa miaka minane anapotamkiwa kifo? Ikiwa kweli maneno huumba, basi waliomwita mtoto huyo ndoki wameumba jehanamu yake, na watalijibu neno hilo mbele za Mungu.

Ziko pia nyakati ambapo neno la Mkristo linamgharimu msemaji, na hilo nalo halisikiki katika mahubiri ya kukiri na kupokea. Krismasi ya mwaka 1999, Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko wa Bukavu aliwaandikia waumini wake barua iliyosomwa makanisani, akikemea uporaji na uonevu chini ya utawala wa waasi na majeshi ya kigeni. Februari 2000 alizuiwa kurudi Bukavu, akapelekwa Butembo, akakaa huko miezi saba. Alirudi Septemba, na tarehe 4 Oktoba mwaka huo huo alifariki akiwa Roma. Mtangulizi wake Christophe Munzihirwa, aliyekuwa hanyamazi mbele ya vita na mateso ya wakimbizi, aliuawa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996. Watu hao walitumia ulimi wao kwa ajili ya wasio na sauti, na hawakupata gari wala nyumba kwa kufanya hivyo. Waliyoyasema yanakumbukwa Kivu mpaka leo.

Basi tufanye nini? Wazee wetu walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Tumeshajikwaa ulimi. Kilichobaki ni kusema wazi, kwa sababu kidonda kilichosababishwa na maneno hakiponi kwa kunyamaza.

Kwanza, makanisa ya Likasi yaseme juu ya 1992. Kila mwaka tarehe 15 Agosti Wakatoliki husherehekea Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria. Ni siku ile ile ambayo, mwaka 1992, habari kutoka Kinshasa iliwasha moto wetu. Wakatoliki, Wamethodisti, Wapentekoste, Wakimbangu na makanisa ya uamsho wangeweza katika juma hilo kusali pamoja kwenye kituo cha reli, kuwakumbuka waliokufa hapo, na kutamka kwa sauti kwamba waliitwa wadudu na tulikosea. Ni nadra kusikia mimbari ikiyataja hayo, na vijana waliozaliwa baadaye wanayajua kwa minong'ono tu ya nyumbani, kila nyumba na hadithi yake. Maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba msamaha hadharani Novemba 2016, kwa barua iliyosomwa parokiani, miaka 22 baada ya mauaji. Viongozi wa makanisa ya Kenya walikiri mwaka 2008 kwamba walikuwa wameegemea upande. Haikuwashushia hadhi. Sisi tunangoja nini?

Pili, maikrofoni ya kanisa isiwe mali ya mwanasiasa. Septemba 2021, huko Butere, magharibi mwa Kenya, siku Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu, Askofu Mkuu wa Anglikana Jackson Ole Sapit alikataa kuwapa wanasiasa nafasi ya kuhutubia ibadani. Walikaribishwa kusali kama waumini wengine. Jambo hilo linawezekana Likasi. Mgombea akija na sadaka nono, apokelewe kama mtu mwenye dhambi anayehitaji neema, aketi, asikilize. Mimbari inayokodishwa wakati wa kampeni haitakuwa na ujasiri wa kumkemea aliyeikodi siku atakapoanza kuwataja watu kwa majina ya wadudu.

Tatu, tunapowafundisha watoto na watu wazima kabla ya ubatizo, tuwafundishe jambo hili kwa uzito ule ule tunaowafundisha juu ya zaka na uzinzi: kumtaja mtu kwa jina la mnyama au mdudu ni dhambi ya kutubiwa, kumwita mtoto ndoki ni dhambi ya kutubiwa, na kupeleka mbele sauti ya chuki kwenye simu ni sawa na kuisema mwenyewe. Mwombezi anayewatamkia watoto uchawi aondolewe katika huduma. Asihamishiwe kanisa jingine, aondolewe.

Nne, na hili halihitaji kikao cha wachungaji, kila mmoja wetu aanze nyumbani. Watoto hujifunza mezani jinsi ya kuwaita majirani, muda mrefu kabla hawajasikia mwanasiasa yeyote. Baba anayesema maneno mabaya juu ya kabila la jirani wakati wa kula, kisha akaomba baraka ya chakula, ndiye mwalimu wa kwanza wa chuki ya kesho.

Wachungaji, mapadre na manabii wa mji huu, mmewaambia watu kwamba kinywa kinaumba, na watu wamewaamini. Sasa kitumieni hicho kinywa. Mtoto wa miaka kumi aliyeitwa kilulu hapa mwaka 1992 leo amevuka miaka arobaini. Wengine wako Mwene-Ditu na Mbuji-Mayi, wengine wamerudi na wanaishi mtaa mmoja nasi, wanaketi benchi moja nasi Jumapili. Hawajasikia kanisa likiliondoa jina hilo juu yao kwa sauti ile ile kubwa iliyotumika kulipachika. Liondoeni. Liondoeni hadharani, kwa Kiswahili, mkiwa mmesimama mimbarini, na muwaite kwa jina ambalo ubatizo uliwapa tangu mwanzo: ndugu zetu.